Darasa la yoga likibaki na watu watatu

Darasa jipya la yoga hapa Mombasa lina tabia yake. Siku ya kwanza huja watu kumi na wawili, wengine na nguo mpya za mazoezi, wengine wameburuzwa na rafiki. Siku ya pili huja saba. Wiki ya tatu mwalimu anafika mapema, anafagia, anatandika mikeka minane, na wanaingia watatu. Hapo ndipo wengi hufunga. Wengine hufanya baya kuliko kufunga: hubadilisha saa, kisha siku, kisha ukumbi, kisha bei, wakiwakimbiza wale tisa waliopotea, na wale watatu waaminifu nao hupotea kwa kutojua tena darasa liko wapi.

Haya yameandikwa kwa ajili ya mwalimu aliyefika wiki hiyo ya tatu. Msimamo wetu ni kwamba waliopotea hawakupotea kwa uvivu. Kila mmoja ana kisababu chake kidogo: kifundo cha mkono kilichouma, vigae vilivyoteleza, adhana iliyomkuta kichwa chini miguu juu, deni la shilingi mia tatu analoona haya kulitaja. Visababu hivyo vinatengenezeka kimoja kimoja, mradi saa ya darasa ibaki pale pale angalau miezi mitatu.

Maumivu ya siku ya pili

Misuli isiyozoea kazi huuma baadaye, si papo hapo. Maumivu huanza kesho yake, na makali yake huwa kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Mtu aliyefanya mazoezi Jumatatu jioni anaamka Jumatano hawezi kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta. Ukimwekea darasa la pili Jumatano hiyo hiyo, haji, na hatakwambia kwa nini. Ndiyo maana Jumatatu na Jumatano ni jozi mbaya kwa wanaoanza, ingawa kwenye ratiba inapendeza. Jumatatu na Alhamisi ni bora. Jumapili na Jumatano pia.

Na mwambie kabla hajaondoka siku ya kwanza: "Keshokutwa mapaja yatakuuma. Ni kawaida, tembea, oga maji ya moto, utaona yanalegea." Aliyeonywa huona mwalimu alijua analosema. Asiyeonywa hudhani ameumizwa, na mama mkwe wake humthibitishia.

Lakini si kila maumivu ni ya kuvumilia, na mwalimu asiyejua kutofautisha atamwumiza mtu kweli. Maumivu ya kawaida ni mazito, yako pande zote mbili, yako katikati ya nyama, na hupungua ukijinyoosha taratibu. Maumivu ya kusimamisha zoezi ni makali kama sindano, yako upande mmoja, yako karibu na kiungo, au yanakuja na ganzi. Sehemu ya kuangaliwa sana ni pale juu kabisa nyuma ya paja, chini ya kalio, kwenye mfupa wa kukalia. Hapo kano ya msuli wa paja imejishika kwenye mfupa, na anayelazimisha kuinama huku magoti yamenyooka huivuta kano badala ya msuli. Kano iliyochubuka hapo huchukua miezi kupona. Dawa yake ni rahisi mpaka inachukiza: kunja magoti. Kila kuinama kwa mwezi wa kwanza, magoti yakunjwe, tumbo liguse mapaja.

Mikono, na mkao unaofukuza watu wengi kuliko wote

Ukiuliza waliopotea, wengi watataja vifundo vya mikono. Kwenye mikao ya kujishikilia kwa viganja, kifundo hukunjwa karibu nyuzi 90 na kubeba uzito juu yake, na kifundo cha mtu mzima anayeanza hakijawahi kufanya hivyo tangu alipoacha kutambaa. Fundi cherehani, dereva wa bodaboda anayebana klachi kutwa, mama anayekamua nguo kwa mkono, hao wote huja mikono ikiwa tayari imechoka.

Mkao wenyewe unaosumbua ni ule ambao vitabu vinauita mbwa anayetazama chini. Kwa Kisanskriti ni adho mukha svanasana. Jina la mbwa si kila mtu hapa analifurahia, na wala halisaidii kueleza umbo. Uite paa la nyumba: makalio ndiyo kilele cha paa, mikono mteremko mmoja, miguu mteremko wa pili. Mtu aliyeona nyumba ya makuti ameshaelewa.

Uanze kwa magoti na viganja. Viganja viwe chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, kisha viganja visogezwe mbele urefu wa kiganja kimoja. Vidole vitanuliwe, kidole cha shahada kielekee mbele moja kwa moja. Sasa mwambie abonyeze chini kitako cha kidole cha shahada na kitako cha gumba, kana kwamba anapiga muhuri. Hili ndilo linaloachwa. Mtu asipoambiwa, uzito wote hukaa kwenye kisigino cha kiganja upande wa kidole cha mwisho, na kifundo huumia pale pale. Inama umtazame kwa karibu: ukiweza kupitisha karatasi chini ya kitako cha kidole chake cha shahada, uzito haujakaa mahali pake.

Kisha akunje vidole vya miguu, ainue magoti sentimita tano tu, avute pumzi moja hapo. Ndipo asukume makalio juu na nyuma, magoti bado yamekunjwa. Visigino havina haja ya kugusa chini, wala havitagusa mwezi huu. Uti wa mgongo ndio unaotakiwa kunyooka kwanza, miguu itafuata siku zake. Mabega yakipanda masikioni, mwambie ageuze viwiko vitazame miguu yake, na mabega hushuka yenyewe. Mikono ikiteleza kwenda mbele, mara nyingi tatizo si mkeka, anasukuma uzito kwenye mikono badala ya kuurudisha kwenye makalio.

Wiki ya kwanza pumzi mbili zatosha, kisha apumzike. Pumzi tano ziwe za wiki ya nne. Walimu wengi waliotoka masomoni na vyeti vyao vya saa 200 huanza na pumzi tano kwa sababu wao walifundishwa hivyo, na hawaoni kwamba darasa zima linatetemeka.

Kifundo kikiendelea kuuma, kuna njia tatu. Ya kwanza, kunja leso (kanga) mpaka iwe na unene wa sentimita mbili au tatu, iweke chini ya kisigino cha kiganja, vidole vibaki chini. Pembe ya kifundo hupungua na maumivu hupungua nayo. Ya pili, ashuke kwenye vigasha, yaani mikono kuanzia viwiko. Ya tatu, na hii ndiyo tunayoipenda kwa wazee, wajawazito, wenye presha na wenye matumbo makubwa: viganja ukutani usawa wa kiuno, arudi nyuma hatua mbili au tatu mpaka mgongo na mikono viwe mstari mmoja sambamba na sakafu. Faida za mgongo na mabega ni zile zile, na kichwa hakishuki chini ya moyo. Mwenye glakoma hasa asining'inize kichwa, kwa sababu presha ndani ya jicho hupanda kichwa kikiwa chini. Uliza kabla ya darasa la kwanza, kwa faragha, si mbele za watu: presha, macho, mimba, upasuaji, mgongo, sukari.

Kizunguzungu nacho hufukuza watu, na kwa kawaida kimeletwa na mwalimu. Mtu akiinuliwa haraka kutoka kuinama, damu hukawia kufika kichwani, na anayemeza dawa za presha huona giza. Ainuke kwa vituo viwili: viganja juu ya magoti, pumzi moja, kisha kiwiliwili, kichwa mwisho. Tumbo liwe halijajaa lakini lisiwe tupu kabisa. Chakula kizito kikae saa mbili au tatu kabla ya darasa, lakini anayekuja alfajiri ale ndizi moja au tende mbili.

Vigae, jasho na mto wa sufi

Kumbi nyingi za kukodi kisiwani na Nyali zina sakafu ya vigae. Vigae ni vigumu kwa magoti na vinateleza kwa jasho. Mkeka wa yoga wa milimita 4 ni mwembamba kwa vigae, magoti hulalamika. Wa milimita 10, ule wa sifongo laini unaouzwa sana, ni mzuri kwa kulala lakini mtu akisimama mguu mmoja anayumba kama yuko ndani ya ngalawa. Milimita 6 ndiyo inayofaa, na aliye na magoti mabovu aongeze leso iliyokunjwa mara nne. Jamvi la ukindu lina heshima yake, ila juu ya vigae linakimbia, na juu ya viwiko linaacha michoro. Libaki la mchangani.

Mikeka mipya ya plastiki huteleza kwa sababu ya utelezi wa kiwandani. Ioshwe kwa maji na sabuni kidogo, isuuzwe vizuri, ianikwe kivulini. Jua kali hukausha mpira ukapasuka. Na hapa kuna jambo la Mombasa hasa: nyumba nyingi hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Mkeka uliosuuzwa kwa maji hayo hubaki na chumvi, chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na kesho yake unashika mkeka uliokauka lakini una unatounato. Suuza mara ya mwisho kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, ya mfereji au ya kununua, hata kama ni nusu ndoo. Usikunje mkeka wenye jasho ukaufungia kabatini. Katika unyevu wa hapa kuvu haichelewi, na harufu yake haitoki.

Jasho likizidi, kiganja hutoka mbio. Taulo ndogo iliyoloweshwa kidogo, ikawekwa chini ya viganja, hushika kuliko taulo kavu. Leso kavu ya pamba ndiyo inayoteleza kuliko vyote mpaka ipate jasho lake.

Vifaa visikutishe. Mwalimu wa Kihindi B.K.S. Iyengar, aliyefariki 2014, ndiye aliyezoesha dunia kutumia matofali, mikanda na mito ili mwili mgumu ufike pale ambapo haujafika. Hapa vifaa hivyo viko nyumbani. Leso moja, ikikunjwa kwa urefu wake na kusokotwa, ni mkanda mzuri wa kunyooshea mguu ukiwa umelala chali, na haichubui. Tofali la yoga ni sentimita 23 kwa 15 kwa 10. Fundi seremala atakukatia la mbao laini, lipigwe msasa na pembe zizungushwe. Na mto wa sufi ule mgumu wa kizamani, ambao vijana wanaukimbia wakinunua mito ya sifongo, unafaa kuliko mito mingi ya yoga iliyotoka ng'ambo. Uweke kwa urefu chini ya mgongo, mtu alale juu yake mikono imeachiliwa, dakika tano. Huyo atarudi wiki ijayo.

Saa, adhana na upepo

Kosa kubwa la ratiba ni saa kumi na mbili jioni. Kwingine ndiyo saa ya watu kutoka kazini. Hapa magharibi huadhiniwa, kutegemea mwezi wa mwaka, kati ya dakika kumi na dakika arobaini na tano baada ya saa kumi na mbili, yaani katikati ya darasa. Mwanafunzi Mwislamu atachagua kati ya sala na wewe, na asipokuja tena usishangae. Darasa la saa kumi na nusu mpaka saa kumi na moja na nusu huja baada ya alasiri na kuisha kabla ya magharibi. Linafaa kina mama na wenye biashara zao. Kwa waajiriwa, saa kumi na mbili u robo asubuhi, kumaliza saa moja u robo. Anayevuka feri kutoka Likoni hawezi kukuahidi dakika, kwa hiyo dakika saba za mwanzo ziwe za kukaa na kupumua tu: kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne, kuitoa kwa hesabu ya sita. Anayechelewa ataingia kimya bila kukosa mkao wowote. Tumeona watu wakigeuka mlangoni kwa aibu ya kuchelewa dakika tano, wakarudi walikotoka.

Ukumbi ukaguliwe kwa upepo, na mwaka una pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kutoka kaskazini mashariki. Kusi hushika Aprili mpaka Septemba hivi, kutoka upande wa kusini. Ukumbi wenye madirisha ya kusini tu utaukodi Julai, joto la mchana likiwa 27 au 28, ukausifu. Februari na Machi joto likipanda 32 au 33 na upepo ukihamia upande wenye ukuta, utakuwa tanuri. Kina mama watataka pazia, na wana haki, lakini pazia zito huua upepo. Tundika kitambaa chepesi kuanzia usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama kwenda chini, juu pabaki wazi. Feni isielekezwe kwa watu waliolala mwishoni. Jasho likipoa ghafla mtu husikia baridi. Na stima zikipotea uwe na mpango, angalau kufungua milango na kufanya mikao ya chini tu.

Sakafu ya juu ya nyumba, lile paa la zege, hupendeza kwenye picha. Asubuhi ni sawa. Jioni zege linarudisha joto la kutwa nzima na nyayo zinaungua.

Wengi hufikiria ufuo, kwa kuwa hauna kodi. Ufuo unataka mtu anayeijua bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa yake husogea kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa alfajiri mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne au tano asubuhi. Siku ya pili hadi ya nne baada ya hapo, kujaa huangukia kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu asubuhi, na pale ambapo hoteli zimejenga kuta, mchanga wote uko chini ya maji wakati wa darasa lako. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, ufuo wa alfajiri huwa wazi. Kwa hiyo darasa la ufuoni linahitaji mahali mbadala siku chache kila baada ya wiki mbili, na mbadala huo utangazwe mwanzo wa mwezi, kwa kuangalia jedwali la maji ya Kilindini, si asubuhi ile ile.

Mchanga mkavu huzamisha kifundo cha mkono na kukitesa zaidi. Tandika kwenye mchanga mbichi uliokauka juu, ule unaobeba nyayo bila kuzama. Na kwa kuwa ufuo una mteremko, mikeka ielekee juu na chini ya mteremko, vichwa juu. Ikitandikwa sambamba na bahari, mguu mmoja huwa mrefu kuliko mwingine saa nzima, na nyonga italipa kesho yake.

Swali la dini

Litakuja, ama kwa mdomo ama kwa watu kuacha kuja. Usilikwepe na usidanganye. Yoga asili yake India, na ina upande wa ibada kwa wanaoifuata hivyo. Ukisema haina uhusiano wowote na dini, mwenye kujua atakuona mwongo. Wanazuoni wenyewe wametofautiana: Malaysia baraza la fatwa lilikataza mwaka 2008 yoga yenye maneno ya ibada, Indonesia ikafuata 2009 kwa yoga yenye ibada za Kihindu, na Saudia mwaka 2017 iliruhusu yoga kama mchezo. Makanisani pia hoja ni ile ile. Kinachosaidia ni kusema wazi mnachofanya: mikao, pumzi, kupumzika. Hakuna kuimba om, hakuna sanamu, mikono haiunganishwi kifuani, mwisho wa darasa watu wanaagana kwa salamu zao za kawaida. Ule mzunguko wa mikao 12 unaoitwa salamu kwa jua, uite mzunguko. Asiyetaka mkao wa kuinama paji la uso chini, kwa sababu unafanana na sijda, apewe mwingine: alale ubavu akumbatie magoti.

Na pumziko la mwisho, savasana, maana yake ni mkao wa maiti. Hakuna sababu ya kulitafsiri jina hilo mbele ya mama wa miaka sitini. "Laleni chali" yatosha. Ila pumziko lenyewe lisikatwe: dakika saba, hata mkiwa mmechelewa. Mjamzito aliyepita nusu ya mimba alale ubavu wa kushoto.

Kuna faida ambayo walimu wa kigeni huwa hawaitarajii. Aliyezoea kukaa kitako cha sala tangu utotoni ana magoti na vifundo vya miguu vinavyokunjika vizuri. Mabega na nyonga ndivyo vyake vya kufanyia kazi. Anza naye anapoweza.

Hesabu ya ukumbi mtupu

Tuchukue mfano. Ukumbi shilingi 1,000 kila kipindi, mara mbili kwa wiki, ni 8,000 kwa mwezi. Watu wanne wakilipa 300 kila mmoja, ni 1,200 kwa kipindi, 9,600 kwa mwezi, na umejilipa nauli. Wakiwa wawili unapata 4,800 na unapoteza 3,200. Miezi mitatu ya namna hiyo ni 9,600. Basi kabla ya kuanza, weka kando shilingi 10,000 ambazo hutazililia. Mwalimu mwenye akiba hiyo hafundishi kwa hofu, na hofu ya mwalimu wanafunzi huinusa.

Darasa la bure la kufungulia tunalipinga, ingawa wengi hulisifu. Hujaza ukumbi kwa watu waliokuja kwa ajili ya bure, na wiki ya pili ukumbi huonekana umekufa kuliko ulivyo. Nusu bei kwa kipindi cha kwanza inachuja vya kutosha. Malipo yapite kwa M-Pesa kabla ya kuanza, na uuze vipindi vinne kwa pamoja vinavyotumika ndani ya wiki tano. Usikopeshe. Anayedaiwa mia tatu haji kulipa, anakwepa barabara yako.

Aliyekosa mara mbili mfululizo aandikiwe, yeye peke yake, si kwenye kundi. Usimlaumu, na usimtumie bango. Kitu kama hiki:

"Shikamoo mama. Tumekukumbuka Alhamisi. Mwili uliuma, au ni shughuli za nyumbani? Kama ni mikono, nimekuandalia namna ya ukutani. Saa ni ile ile."

Majibu yaandike kwenye daftari, safu moja kwa kila sababu. Baada ya wiki sita daftari litakuambia kama tatizo ni sakafu, saa, mwili au pesa. Mikono ikitajwa mara tano, badilisha mazoezi. Joto likitajwa mara tano, tafuta ukumbi. Kama hakuna kinachojirudia, usibadilishe chochote.

Katika wiki hizo sita rudia mpango ule ule wa saa moja: dakika saba za pumzi, kumi za magoti na viganja, ishirini za kusimama, kumi na tano za kukaa na kulala, na zilizobaki za pumziko na kukunja mikeka. Mwalimu atachoka kabla ya wanafunzi. Wao ndiyo kwanza wanaanza kukumbuka mguu upi unatangulia, na raha ya kukumbuka ndiyo inayowarudisha.

Ramadhani ikikukuta ndani ya miezi hiyo mitatu, usifute darasa na usihamishe kila wiki. Tangaza mapema, Shaabani ikiingia, kwamba kwa mwezi mmoja darasa la jioni litakuwa la dakika 40, mikao ya chini tu, bila kuruka wala kichwa chini, na litaisha saa kumi na moja kasorobo, ili mtu awahi nyumbani kukaanga viazi vyake. Saa ya kuanza irudishwe nyuma kwa dakika 25 tu, na karatasi ya ratiba ya Shawwal ibandikwe mlangoni siku hiyo hiyo.